Kamio inakula mafuta: mbele ya kununua turbo ingine, pima kwanza pumuzi ya motere

Mutu yeyote mwenye kuendesha kamio kati ya Bukavu na Uvira anajua milima ya Ngomo. Kamio imebeba, vitesi ni ya pili, turbo inalia, konvoyeri anaangalia nyuma. Siku moja anaona moshi wa bluu. Juma lenye kufuata, shofere anaongeza litre mbili za mafuta ya motere mbele ya kutoka. Kisha litre tatu. Wanafika garaji, fundi anafungua tiyo ya turbo, anaingiza kidole, kidole kinatoka cheusi na chenye kulowa mafuta.

"Patro, turbo njo imekufa."

Turbo inanunuliwa, ya okazio, na deni kidogo kwa ndugu. Siku kumi mambo iko muzuri. Kisha moshi unarudia. Patro anagombana na muuzaji, muuzaji anagombana na fundi, wanatia turbo ya pili. Moshi unarudia tena.

Historia hii inasikilika kwenye kila parkingi ya makamio, kuanzia Bunia mupaka Kalemie, na mara nyingi ile turbo ya kwanza haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa inatapika mafuta ambayo motere ilikuwa inakataa kupokea. Sababu ilikuwa chini zaidi, ndani ya karteri: presio ya gazi ambayo haikupata njia ya kutoka. Ni kitu ambacho kinaweza kupimwa kwa kipande cha tiyo na maji, bila kununua chombo hata kimoja. Tufasirie namna gani.

Motere nayo inapumua

Ndani ya motere ya mazutu kuko vyumba viwili. Juu ya pistoni ni kwenye moto unawaka. Chini ya pistoni ni karteri, kwenye vilbrekeni inazunguka na mafuta yanalala. Katikati yao kuko segimenti tu, zile pete za chuma zenye kuzunguka pistoni. Wakati mazutu inawaka, presio ya juu ya pistoni inapita bari 100, na kwa motere nyingi za sasa inapita hata 150. Tairi ya kamio tunaijaza bari 8 hivi, na munajua namna inapiga wakati inapasuka. Hakuna pete ya chuma yenye kuweza kuzuia presio kama ile bila kuachia kitu. Kila mara mazutu inawaka, gazi kidogo inapenya pembeni ya segimenti na kushuka ndani ya karteri. Hata motere yenye kutoka kiwandani leo inafanya hivyo. Mafundi wanasema motere "inapumua", na neno ni la haki.

Turbo inaongeza ile pumuzi. Motere isiyo na turbo inavuta hewa yenyewe. Yenye turbo inasukumiwa hewa kwa nguvu, bari moja ao mbili zaidi, ili mazutu mingi iweze kuwaka. Nguvu ya kupanda Ngomo inatokea pale, na gazi ya kuvuja kuelekea chini inaongezeka pia. Tena Goma na Bukavu ziko karibu metre 1 500 juu ya bahari, hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu 15 kwa mia kuliko ya pwani, kwa hiyo turbo inatumika zaidi ili kufikisha hewa ile ile.

Ile gazi inapashwa kutoka. Njia yake inaitwa reniflari: kisanduku kidogo chenye wavu ao chujio ndani, kinazuia matone ya mafuta na kuachia gazi kupita. Kwa makamio ya zamani, kuko tiyo yenye kushuka kutoka pale pembeni ya motere na kumalizikia chini, wazi. Mukiona kamio yenye kusimama na mukuki mwembamba wa moshi unatoka chini, ni ile. Kwa makamio ya karibuni, gazi inarudishwa kwenye mulango wa turbo iunguzwe tena, na njiani inapita kwenye filtri ao kwenye chombo chenye kuzunguka ili kutenga mafuta. Marekani, kwa mufano, kwa muda murefu sheria iliacha motere za mazutu zenye turbo zitupe ile gazi inje, kwa sababu watengenezaji waliogopa mafuta yachafue turbo. Kuanzia motere za mwaka 2007 ile ruhusa ikaisha. Njo maana kamio mbili zenye kufanana kwa macho, moja inaweza kuwa na tiyo tu na ingine filtri ya kubadilisha. Na ile filtri, wengi kati yetu wanaijua siku inaziba.

Sababu gani turbo inasikia wa kwanza

Mafuta yanaingia ndani ya turbo kwa nguvu ya pompi. Yanapita kwenye mutarimbo wenye kuzunguka mbio sana, kwa kamio unaweza kukaribia mizunguko 100 000 kwa dakika, na yanatoka yamejaa povu kama pombe yenye kumwangwa kwa haraka. Lakini kutoka kwake hakuna pompi. Mafuta yanashuka kwa uzito wake tu, kupitia tiyo nene yenye kurudia kwenye karteri. Angalia motere yoyote: tiyo ya kuingiza mafuta kwenye turbo ni nyembamba kama kalamu, ya kutoka ni nene kupita kidole gumba. Watengenezaji hawakuifanya nene bure.

Sasa tia presio ndani ya karteri. Gazi inataka kutoka, inapanda kwenye ile tiyo, na mafuta ya turbo yanakosa kwenye kushukia. Nyumba ya turbo inajaa. Na ndani ya turbo hakuna kaushu ya kuzuia mafuta. Kuko pete ndogo za chuma, kazi yake inategemea mafuta yashuke haraka na upepo wa turbo usukume kutoka inje. Ikiwa nyumba imejaa, mafuta yanapita: upande mumoja yanaingia kwenye hewa ya motere, upande mwingine kwenye eshapema. Hali inakuwa mubaya zaidi kwenye ralanti, kwa sababu wakati ule turbo haina upepo wa kusukuma. Ikiwa tena filtri ya hewa imeziba, turbo inavuta mafuta kama mutoto mwenye kunyonya. Kwa hiyo moshi wa bluu wenye kutoka kisha kusimama nusu saa kwenye bariere, motere ikiwa inawaka, unaeleza mengi kuliko moshi wa mulimani.

Mutu anaweza kuuliza: presio kiasi gani? Hapa njo watu wengi wanapotea, kwa sababu ni ndogo sana, hata manometre ya tairi haiwezi kuiona. Tunaipima kwa santimetre za maji. Bari moja ni sawa na maji ya urefu wa metre 10 hivi. Santimetre 10 za maji ni sehemu moja kwa mia ya bari. Inaonekana kuwa kitu bure. Lakini chukua sahani ya karteri yenye upana wa santimetre 30 na urefu wa metre moja. Santimetre 10 za maji zinaisukuma na nguvu ya kilo 30. Spi za vilbrekeni, mbele na nyuma, zilitengenezwa kuzuia mafuta yenye kuruka, hazikutengenezwa kubeba muzigo. Zinaanza kulia mafuta. Spi ya nyuma iko karibu na ambreyaji, na ambreyaji yenye kulowa mafuta inateleza pale pale unaihitaji, katikati ya mulima na tani kumi mugongoni.

Kupima na tiyo ya wajenzi

Wajenzi wa nyumba wanapima usawa wa ukuta na tiyo ya plastiki yenye kuonekana ndani. Ile ile inatosha. Kata metre tatu, ikunje kama herufi U kwenye ubao, ifunge na waya, mwanga maji mupaka katikati ya kila upande. Tia kahawa kidogo ndani ya maji uone muzuri. Acha nusu metre ya tiyo tupu juu ya maji kila upande.

Tafuta bushoni ya zamani ya mafuta ya motere, itoboe, bandika ndani kipande cha chuma chenye kuingia kwenye tiyo. Watu wengine wanaunganisha kwenye shimo la joji, lakini kwa motere nyingi tiyo ya joji inashuka mupaka ndani ya mafuta, na pale utapima mafuta tu, hautapima gazi.

Kamio iwe mahali pa sawa, magurudumu yamezuiwa na mawe, mafuta yafike kwenye alama na yasipite. Motere iwe ya moto. Washa, acha ralanti, kisha funga bushoni yenye tiyo. Maji ya upande mumoja yatashuka, ya upande mwingine yatapanda. Pima tofauti kati ya vimo viwili. Kisha kanyaga polepole mupaka mizunguko ya juu, pima tena. Mbele ya kuzima motere, toa bushoni kwanza, kwa sababu maji yakivutwa ndani utakuwa umejiletea shida ya pili.

Kila motere iko na kipimo chake kwenye kitabu chake, na mwenye kitabu akifuate. Motere yenye afya na reniflari wazi inaonyesha santimetre chache. Ikifika makumi ya santimetre, ao maji yakiruka kutoka kwenye tiyo, usinunue turbo.

Ile mazoea ya kufungua bushoni na kuigeuza juu ya shimo ili kuona kama inacheza, tunaijua wote. Inasaidia kidogo. Kwa motere zingine bushoni inacheza na motere iko muzima, kwa zingine haichezi na segimenti zimekwisha. Hauwezi kuhukumu motere ya dola elfu kadhaa kwa ngoma ya kifuniko.

Nani anapumua ndani?

Ukipata presio kubwa, anza na kazi ya rahisi: toa tiyo ya reniflari pale inapotokea na upime tena. Maji yakishuka mara moja, umebahatika. Gazi si nyingi, njia njo imefungwa. Matope ya njia, wavu wenye kujaa mafuta mazito kama bulyo, filtri yenye kupitisha wakati, tiyo yenye kukunjika, ao ule uji mweupe wenye kufanywa na maji na mafuta wakati motere haipati kuwa ya moto muzuri. Osha na mazutu, kausha, rudisha. Hapa kuko jambo moja la kusema bila kumunga: kuko mashofere wenye kuziba ile tiyo na kitambaa, kwa sababu inatonyesha mafuta na polisi wa njia anasumbua, ao kwa sababu patro hapendi kuona alama chini. Mutu mwenye kufanya vile ameua spi na turbo kwa mukono wake. Ikiwa matone yanasumbua, funga bidoni kwenye ncha, na bidoni ile iwe na shimo kubwa juu. Tiyo ishuke bila kufanya tumbo la kuweka maji, na isipunguzwe unene.

Kama tiyo imetolewa na pumuzi bado inavuma, ni kweli motere inavuja gazi. Lakini hata hapo, usikimbilie segimenti. Kamio iko na kompresere ya freni, na ile pia iko na pistoni, na mafuta yake yanarudi kwenye karteri ile ile. Kompresere yenye kuchoka inatupa hewa ndani ya motere siku nzima. Kuipima ni rahisi: acha presio ya freni ijae mupaka kompresere iache kusukuma, angalia maji. Kisha kanyaga freni mara nyingi mupaka ianze kusukuma tena. Ikiwa maji yanapanda na kushuka pamoja nayo, umepata mwizi. Ukimwanga maji ya shupa za hewa na mafuta mengi yanatoka, unazidi kuhakikisha, ijapokuwa presio kubwa ya karteri yenyewe inaweza pia kusukuma mafuta kule. Turbo yenye kuchoka kweli nayo inarudisha hewa kwa tiyo yake ya mafuta. Shika mutarimbo wake na vidole, motere ikiwa imezimwa na imepoa, usikie kama unagusa ukuta. Na tiyo ya kurudisha mafuta ya turbo iangaliwe ndani: mara ngapi jwenti ya pate yenye kutiwa nyingi imefunga nusu ya shimo.

Kinachobaki ni segimenti na shemize. Kwa motere ya zamani yenye pompi ya kawaida, fundi analegeza tiyo ya enjekteri moja moja kwenye ralanti, na pumuzi ikipunguka kwa moja, pistoni ile njo ina shida. Kwa motere za karibuni zenye komonireli, USIFANYE HIVYO HATA SIKU MOJA. Mazutu kule ndani inaweza kupita bari 1 500. Inatoboa ngozi na kuingia ndani ya nyama, na mutu anaweza kupoteza mukono. Kule ni kazi ya kompyuta ao ya kupima kompresio.

Vumbi letu

Sababu gani segimenti zinakwisha mapema hapa? Mafuta mabaya, ndiyo. Vidanji yenye kucheleweshwa, ndiyo. Motere yenye kuachwa kwenye ralanti saa nzima nzima, nayo pia, kwa sababu moto mudogo unaacha makaa na segimenti zinanata. Lakini angalia vumbi. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano, na vumbi la mawe yale ni gumu, linasaga chuma kama msasa. Filtri ya hewa inalizuia, ikiwa ni nzima. Shida ya kweli mara nyingi iko kati ya filtri na turbo: tiyo ya kaushu yenye kupasuka upande wa chini, kole yenye kulegea, filtri yenye kupigwa na upepo wa kompresere mupaka karatasi ikatoboka. Turbo inavuta kwa nguvu pale, na hewa yenye kupita kwenye mupasuko haijachujwa na kitu. Pitisha kidole ndani ya tiyo kisha filtri. Ukikuta vumbi, motere imekwisha kuanza kusagika, na kupeleka shemize mupya bila kubadilisha ile tiyo ni kununua ugonjwa ule ule mara mbili.

Siku motere inakataa kuzimika

Kuko hatari moja ambayo haingojee. Mafuta yenye kutoka kwenye turbo yanakusanyika kidogo kidogo ndani ya radiateri ya hewa, ile ya mbele. Siku shofere anakanyaga kwa nguvu, yanaingia motere kwa mara moja. Motere ya mazutu inaweza kuwaka na mafuta yake yenyewe. Mizunguko inapanda, unatoa mguu, haishuki. Unazima kontaki, haisikie, kwa sababu kontaki inafunga mazutu tu. Wenye kurudisha pumuzi ya motere ya zamani kwenye mulango wa turbo na tiyo ya kubahatisha, ili kuficha moshi, wanaalika jambo hili.

Ikiwa kamio iko na vitesi vya mukono, kanyaga freni yote, tia vitesi ya juu kabisa, achilia ambreyaji ili motere izimike kwa nguvu. Fanya mara moja, mbele haijapanda sana. Ikiwa inashindikana, ni kuifungia hewa: ubao wa sawa kwenye mulango wa hewa, ao kizima-moto cha gazi ya kaboni chenye kupulizwa ndani. Mukono hapana, shati hapana. Turbo inavuta vyote viwili. Ukikosa kitu cha kufungia, toa watu pembeni ya motere, kwa sababu vipande vyake vikipasuka vinaruka kwa upande.

Kisha kurekebisha sababu, radiateri ile ya hewa itolewe na ioshwe mbele ya kuwasha tena, kwa sababu mafuta ya zamani bado iko ndani yakingojea mulima wenye kufuata. Na siku motere iko muzima, pima na ile tiyo ya U hata kama hakuna shida, uandike santimetre kwenye daftari ya kamio, pamoja na kilometre na tarehe. Fundi mwenye kupokea kamio mwaka ujao, hata kama ni mwingine na ni kwenye muji mwingine, atakuwa na kitu cha kulinganisha.